Sokoine Bungeni na Vita vya Uchumi

Atokaye Mnara wa Saa mjini Arusha akashika njia iendayo magharibi, Mlima Meru ukiwa kuumeni kwake, hupita katika Barabara ya Sokoine. Leo barabara hiyo ina maduka pande zote mbili. Sabuni zimo, sukari imo, mafuta ya kupikia yamo, khanga zimetundikwa milangoni, na makondakta wa vifodi wanaita abiria kwa sauti za kukauka. Wengi wapitao hapo hawakuwa wamezaliwa mwaka 1983, wakati mche mmoja wa sabuni ulipokuwa kitu cha kufichwa chini ya kitanda, na mama wa nyumba alipofulia majani ya mpapai. Hawana kosa kwa kutojua. Lakini jina wanalolitaja kila siku wanapomwambia kondakta washushwe wapi, lilikuwa jina la Mbunge.

Twasema Mbunge kwa makusudi. Edward Moringe Sokoine hukumbukwa kama Waziri Mkuu, na zaidi ya hapo hukumbukwa kwa kifo chake. Kila ifikapo Aprili 12 watu husimuliana habari za barabara ya Morogoro, na mazungumzo hukomea hapo. Sisi twaona kwamba desturi hiyo humdhulumu marehemu. Kwa Katiba yetu Waziri Mkuu ni Mbunge kwanza. Ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali Bungeni, na kila neno analolitoa pale laweza kuulizwa na mtu aliyechaguliwa na wakulima wa Kibondo au wavuvi wa Kilwa. Mambo makubwa ambayo Sokoine aliyafanya, mazuri na yale yenye kujadiliwa mpaka leo, yalipitia katika ukumbi ule. Twapenda basi tumtazame humo.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba watu wa upande huu wa nchi walijua mapema uchungu wa kukosa mahali pa kusemea. Novemba 1951 Serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao elfu tatu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, chini ya mlima, ili walowezi wapate mashamba ya mifugo. Wameru hawakuwa na Bunge la kulilia. Kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria la Gavana, lakini mkulima wa Meru hakumchagua hata mtu mmoja wa kukaa humo. Kwa hiyo ilimbidi Kirilo Japhet asafiri hadi New York mwaka 1952, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza jinsi nyumba zilivyochomwa na ng'ombe walivyoswagwa. Wajumbe walimsikiliza, wengi wakamhurumia, lakini katika Baraza Kuu azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao likakosa theluthi mbili ya kura. Safari ya maelfu ya maili kwenda kuuliza swali ambalo mbunge wa leo aweza kuliuliza asubuhi moja mjini Dodoma!

Uchaguzi wa kwanza ulipokuja mwaka 1958, Jimbo la Kaskazini lilipeleka katika Baraza watu watatu, kwa maana sheria ya kura tatu ilimlazimisha kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mmoja wao alikuwa Bibi Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha, aliyeungwa mkono na TANU. Kura yenyewe haikuwa ya watu wote. Ilimpasa mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na wadhifa uliotambuliwa na Serikali. Mchungaji wa Monduli na mpagazi wa sokoni Arusha hawakuwamo.

Huyo mchungaji wa Monduli ndiye aliyemleta Sokoine. Alizaliwa Agosti 1938 katika milima ya Monduli, ambako mtu akitazama mashariki asubuhi huuona Meru umesimama peke yake kama mzee wa boma. Alisoma Monduli, kisha Umbwe katika Kilimanjaro. Mwaka wa Uhuru alijiunga na TANU, akapelekwa Ujerumani Magharibi kujifunza utawala, akarudi kufanya kazi ya utendaji katika wilaya ya Wamasai. Mwaka 1965, alipokuwa na umri wa miaka 27, wananchi wakampeleka Bungeni.

Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja, na haukuwa mchezo. Kila mahali palipokuwa na wagombea wawili wote walikuwa wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na wananchi waliambiwa wachague. Walichagua kwelikweli. Mawaziri wawili na mawaziri wadogo kadhaa waliangushwa. Basi kijana yule aliingia katika ukumbi wa Karimjee pamoja na wageni wengi wapya, chini ya Spika Adam Sapi Mkwawa, mbele ya viti vilivyoachwa na watu waliodhani viti hivyo ni vya urithi.

Miaka yake ya kwanza tutaipita upesi. Mwaka 1967 alifanywa waziri mdogo katika wizara ya mawasiliano, uchukuzi na kazi. 1970 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. 1972 akapewa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Lakini liko jambo moja la wakati huo ambalo hatuwezi kuliruka, kwa kuwa lilitokea mlangoni pake. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha. Nyumba ya mkutano ule ingali Kaloleni na sasa ni makumbusho. Azimio lililotoka humo liliwabana Wabunge pamoja na viongozi wengine: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wako walionung'unika, na hatuwalaumu sana, kwa maana si rahisi kuambiwa uuze nyumba ambayo bado unalipia deni. Miaka 24 baadaye, Februari 1991 kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Sokoine aliyafuata yote tangu mwanzo, wala baada ya kufa kwake hakuna aliyezuka na habari ya majumba yake.

Bunge alilofanyia kazi lilikuwa la namna ya pekee, nasi tukiwa gazeti la Chama hatuna sababu ya kulipamba. Mwaka 1968 Wabunge kadhaa walifukuzwa katika TANU na viti vyao vikaenda pamoja na kadi zao. Mwaka 1973 Wabunge waliukataa muswada wa kodi ya mapato. Rais akawakumbusha kwamba anao uwezo wa kulivunja Bunge, na muswada uliporudi ulipita. Mwaka 1975 ikaandikwa katika Katiba kwamba Chama kimeshika hatamu. Ndani ya mipaka hiyo mtu angeweza kuuliza maswali makali juu ya mashirika ya umma, juu ya barabara na juu ya bei ya kahawa, na wengi waliuliza. Lakini neno la mwisho katika siasa kubwa lilitolewa katika vikao vya Chama kabla halijafika Bungeni. Amtazamaye Sokoine kama mtunga sheria lazima alijue hili: aliingia ukumbini akiwa na nguvu ambayo Waziri Mkuu wa leo, mwenye upinzani wa kumkabili, hana.

Alipewa Uwaziri Mkuu mara ya kwanza Februari 1977, mwezi uleule CCM ilipozaliwa, na mwezi uleule mpaka wetu na Kenya ulipofungwa. Kwa Arusha hilo la pili halikuwa habari ya magazetini tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapa. Majumba yake marefu bado yalikuwa mapya ilipokufa. Watumishi waliotoka nchi tatu walifunga mizigo. Namanga, ambako malori yalikuwa yakipanga mstari, pakawa kimya mchana, na usiku pakawa na shughuli ambazo hazikuandikwa katika daftari lolote la ushuru. Kahawa ya Meru na ng'ombe wa Longido waliijua njia ya Kenya, na sabuni na dawa za meno za Kenya ziliijua njia ya Arusha.

Kisha mambo yakafuatana kama mvua ya masika. Bei ya kahawa duniani, iliyokuwa imepanda sana 1976 na 1977, ikashuka. Mwaka 1978 Serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka katika muda wa miezi. Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, nasi tukapigana mpaka tukafika Kampala, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 500 hivi, ambazo hakuna aliyeturudishia. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakaja na masharti yao, Mwalimu akayakataa, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Mwaka 1980 Sokoine naye aliacha kazi kwa sababu ya afya, akaenda Yugoslavia. Aliporudishwa Februari 1983 alikuta nchi ambamo viwanda vilifanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi, na bei zikipanda kwa kadiri ya asilimia 30 kila mwaka.

Nani awezaye kumweleza kijana wa leo jinsi mfanyakazi alivyoishi? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu alitoka zamu ya usiku General Tyre au Kiltex, akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya duka bila kujua duka linauza nini siku hiyo. Aliuliza akiisha kusimama. Ikiwa ni sukari, vema. Ikiwa ni betri za redio, alinunua vilevile, kwa maana betri zingebadilishwa na sukari kwa jirani. Katika mtaa wa Unga Limited, uliopata jina lake kwa kiwanda cha unga, watu waliokaa karibu na mashine walitafuta unga. Na upande wa pili walikuwako watu waliokuwa na unga, sukari, saruji na mabati, wakiviuza mlango wa nyuma kwa bei mara tatu au nne ya ile iliyowekwa na Serikali. Baadhi yao walikuwa wafanya biashara. Baadhi, na hili ndilo lililowauma watu zaidi, walikuwa watumishi wa mashirika ya umma yaliyoundwa ili kuwaondoa walanguzi.

Mwishoni mwa Machi 1983 msako ukaanza nchi nzima. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Magala yalifunguliwa, bidhaa zikatolewa nje na kuuzwa kwa wananchi kwa bei halali, na wenye hofu wakatupa mali zao usiku vichakani, mitoni na baharini. Wafanyakazi wengi walishangilia. Sisi hatutajifanya kuwa hatukushangilia. Aliyelala njaa huku mtu mwingine amekalia magunia, akiona magunia yale yametolewa uani, moyo wake hufurahi kabla akili yake haijauliza sheria ni ipi.

Nayo sheria haikuwako bado. Ilikuja Bungeni nyuma ya msako. Wabunge walipitisha sheria maalumu ya uhujumu uchumi ya 1983, nayo ikahesabiwa kwamba ilianza kutumika siku msako ulipoanza. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo, nasi twawaomba wasomaji wavumilie kidogo. Kesi hizo zilitolewa katika mahakama za kawaida zikapelekwa mbele ya Baraza maalumu, ambalo jaji aliketi pamoja na wazee wasio wanasheria. Mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Mlango wa kukata rufani katika Mahakama Kuu ulifungwa. Wengine walikuwa wamekwisha kushikwa kwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini, iliyopitishwa 1962, ambayo haikuhitaji shitaka lolote.

Hoja ya Serikali Bungeni ilikuwa rahisi kufahamika. Mwenye fedha huajiri wakili mzuri, kesi huahirishwa mara ishirini, shahidi hupotea, faili hupotea, na mwisho mlanguzi hutoka akicheka, naye mwizi wa kuku hufungwa miaka mitatu. Hayo hayakuwa uwongo. Kila aliyewahi kukaa katika benchi la mahakama ya wilaya alikuwa ameyaona. Na liko jambo moja la kumsifu Sokoine bila kusita: hakutafuta wakosaji nje ya nyumba yake tu. Aliwataka mameneja wa mashirika na wakubwa wa Serikali waeleze mali ya umma imekwenda wapi, nao walitetemeka. Waliozoea kumwona Waziri Mkuu katika sherehe za kufungua mradi waliona anafungua daftari za gala.

Hata hivyo twauliza: mwenye duka dogo la Kaloleni aliyekutwa na katoni mbili za sabuni, asiyejua kusoma hati ya mashitaka, naye alihitaji kunyimwa mtu wa kumsemea? Sheria inayomnyima tajiri wakili humnyima na maskini, na tajiri bado ana ndugu, marafiki na simu. Wako walioshikwa bila hatia wakaachiwa baadaye, lakini biashara zao zilikuwa zimekwisha. Mtu aliyewahi kukosa mahali pa kusemea, kama Wameru wa 1951, hawezi kulitazama jambo hili kwa wepesi.

Ajabu ya mwaka ule ni kwamba Chama chenyewe kilikuwa kimefungua mlango wa pili. Mapema 1983 Halmashauri Kuu ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, na wananchi wakaitwa wajadili kwa muda wa mwaka mzima. Katika mijadala hiyo, vijijini na viwandani, watu walidai kitu ambacho hakikuwamo katika mapendekezo: haki za raia ziandikwe ndani ya Katiba. Kwa hiyo Bunge moja, katika miezi ileile, lilikuwa na sheria ya kumnyima mtu wakili katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili madai ya wananchi kwamba haki isiwe zawadi ya mkubwa.

Tena katika mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya nguvukazi. Kila mtu mwenye nguvu alitakiwa awe na kazi inayojulikana, na asiye nayo arudishwe shambani. Neno lenyewe lilikuwa la haki, kwa maana Azimio la Arusha lilisema wazi kwamba kila awezaye kufanya kazi afanye. Lakini utekelezaji wake ulifanywa mitaani na watu wenye malori, na lori halina subira ya kupambanua mzururaji na muuza machungwa. Walipakiwa wote. Wengi walishushwa vijijini, na wiki haikuisha wakawa wamerudi mjini. Twadhani hapo Serikali ilikosea hesabu. Mtu yule wa machungwa alikuwa anafanya kazi. Kilichokosekana ni daftari la kumwandika.

Asomaye mpaka hapa aweza kudhani kwamba Sokoine alikuwa mtu wa kukamata tu. La hasha. Na hili ndilo watu wengi husahau. Kadiri msako ulivyoendelea ilionekana wazi kwamba magala yakiisha kufunguliwa na kufagiliwa, wiki ya pili foleni hurudi. Mlanguzi ni kama inzi: hukaa penye kidonda, lakini si yeye aliyekichimba. Kidonda kilikuwa uhaba wenyewe, na uhaba hauwezi kushitakiwa mbele ya Baraza lolote. Kwa hiyo katika muda wake mambo mengine yalianza kufunguka pole pole. Shirika la usafiri la Dar es Salaam liliposhindwa kuwabeba wafanyakazi, mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kuingiza magari yao katika kazi hiyo, na hapo ndipo daladala zilipohalalishwa. Vyama vya ushirika vilivyovunjwa 1976 vilikuwa vimerudishiwa sheria yao 1982, na mkulima wa kahawa wa Meru akaanza tena kutazamia kuwa na chama chake badala ya mamlaka iliyomlipa kwa hati. Serikali za mitaa, zilizoondolewa vijijini tangu 1972, zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Novemba 1983 Mwalimu Nyerere, Rais Moi na Rais Obote walikutana hapa Arusha, wakapatana juu ya kugawana mali za Jumuiya iliyokufa, na mpaka ukafunguliwa. Namanga pakasikia tena honi za malori mchana.

Hatusemi kwamba yote hayo ni kazi ya mkono mmoja. Sheria za 1982 zilipitishwa wakati Cleopa Msuya alipokuwa Waziri Mkuu, na mapatano ya Arusha ni ya Marais. Lakini ndiye aliyesimama Bungeni kuyasimamia yalipokuwa yanatekelezwa, na twaona ndani yake mtu aliyekuwa akijifunza katikati ya vita. Wanaomtaja leo ili kuhalalisha ukali peke yake, na wanaomtaja ili kulaani ukali huo, wote husoma nusu ya kwanza ya habari na kufunga kitabu.

Jambo hili si la makumbusho. Jina la uhujumu uchumi lingali katika vitabu vyetu vya sheria. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa ikaunda divisheni ya Mahakama Kuu kwa makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, na masharti ya dhamana katika mashitaka hayo bado ni magumu kuliko katika mengine. Mfanyakazi wa leo anayetaka wezi wa mali ya umma wabanwe, naye yuko sawa, ana haki pia ya kumwuliza Mbunge wake: ukiupigia kura ya ndiyo muswada wa namna hii, je, umeusoma kifungu kwa kifungu? Umefikiri mtu wa kwanza kukamatwa atakuwa nani, mwenye magala au mwenye kibanda? Swali hilo halimpunguzii Sokoine heshima. Yeye alikuwa na sababu zilizomkabili kila asubuhi katika foleni. Sisi tuna nafasi ya kutulia, basi na tuitumie.

Aprili 1984 Bunge lilikutana Dodoma. Kikao kilipokwisha, tarehe 12, Waziri Mkuu aliondoka kwa gari kurudi Dar es Salaam. Kufika Wami Dakawa, katika Mkoa wa Morogoro, gari lake liligongana na gari lililotoka upande wa pili, naye akafariki dunia. Hakuwa ametimiza miaka 46. Jioni Mwalimu mwenyewe aliwatangazia wananchi kwa redio, na waliomsikia hawajaisahau sauti ile. Alizikwa kwao Monduli Juu. Julai mwaka huo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kikaanzishwa kwa jina lake.

Miezi miwili baada ya mazishi, Bunge lilisomewa bajeti ya 1984. Thamani ya shilingi ilishushwa kutoka kama shilingi 12 hadi 17 kwa dola moja. Ruzuku ya sembe ikaondolewa. Na watu waliokuwa na fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa na kuziuza nchini, wala hawakuulizwa fedha zile wamezipataje. Baadhi ya wale waliotupa mali zao vichakani mwaka mmoja kabla sasa walizileta kwa meli, mchana, na hati za forodha mkononi. Sabuni ikarudi madukani kwa bei ambayo mfanyakazi aliitazama mara mbili kabla ya kutoa mfuko. Je, angaliukubali muswada huo kama angalikuwa kitini pake? Wako wanaoapa kwamba asingalikubali kamwe, na wako wanaosema ndiye aliyeutayarishia njia. Sisi twaelekea upande wa wale wa pili, ijapokuwa twadhani angaliuliza kwa ukali zaidi habari za sembe.

Mwaka huohuo Bunge likaifuta ile sheria ya 1983 na kutunga nyingine mahali pake. Kesi za uhujumu uchumi zikarudishwa kwa Mahakama Kuu, na mshitakiwa akaruhusiwa tena kuwa na wakili. Oktoba Wabunge wakapitisha mabadiliko ya Katiba, na haki za raia zikaandikwa humo kwa mara ya kwanza, ingawa mahakama hazikupewa uwezo wa kuzisimamia mpaka 1988. Kiti cha Mbunge wa Monduli kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu wakati hayo yalipopigiwa kura.

Aprili 2024, miaka 40 ilipotimia, watu walikusanyika tena Monduli kwa ibada ya kumkumbuka, wakubwa wa Serikali wakiwamo. Jioni yake vifodi vilirudi Arusha vimejaa, vikapita Kisongo na kuingia mjini, na makondakta wakaanza kuita majina ya vituo.